Diski mbili zimekufa: ipi ilitangulia?

Kisanduku cha hifadhi ya mtandao kilinifikia kikiwa na diski nne za terabaiti 4 kila moja, pamoja na ya tano, mpya, ambayo pakiti yake ilikuwa imeshafunguliwa. Mwenye nacho anarekodi na kuhariri video. Kazi zake za miaka sita zilikuwa humo: video ghafi, picha, miradi ya uhariri, na kazi ya mteja aliyekuwa akiisubiri wiki hiyohiyo. Bekapu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka juzi, kwenye diski ya nje. "Fundi, mle ndani si kuna RAID?" aliniuliza, akimaanisha mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama hifadhi moja. "Mimi nilijua hiyo ndiyo bekapu yenyewe." Sikumjibu. Mtu hasomewi makosa yake siku ya msiba.

Alinieleza hivi. Jumatatu asubuhi folda za mtandao zilikataa kufunguka. Kwenye ukurasa wa usimamizi akakuta maandishi mekundu: hifadhi imeanguka, diski ya pili na ya tatu hazimo. Akazima, akawasha. Akachomoa diski zote, akazirudisha, hana hakika kama kila moja ilirudi kwenye tundu lake. Akawasha tena, na tena. Kikajitokeza kitufe cha kurekebisha; akakibofya, kisanduku kikakataa kwa kuwa diski zilizobaki hazitoshi. Akaenda kununua diski mpya, akaichomeka tundu la pili, na safari hii akapewa chaguo la kuunda hifadhi mpya, chini yake onyo kwamba data zote zitafutwa. Hapo akatoa mkono, akanipigia.

Kati ya yote aliyoyafanya wiki ile, kutoa mkono ndiko kulikookoa kazi yake. Mimi nilikuja baadaye.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ya swali moja ambalo mafundi tunapenda kuliruka. Diski mbili zikitoka kwenye RAID 5, tunakimbilia kuuliza ipi nzima na ipi mbovu. Hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba kila moja ilitoka lini.

Kwa asiyezoea mambo haya: RAID 5 hukata data vipande, hapa vilikuwa vya kilobaiti 64, ikavitawanya kwenye diski tatu, kisha kwenye ya nne ikaandika kipande cha pariti. Vipande hivyo vinne vya mstari mmoja vinalindana. Pariti ni hesabu ya XOR: biti zilizo kwenye nafasi moja zikiwa na idadi witiri ya moja, pariti ni moja, idadi ikiwa shufwa, pariti ni sifuri. Tuseme vipande ni 1011, 0110 na 0011. Pariti yake ni 1110. Kipoteze 0110, kisha fanya XOR ya vitatu vilivyobaki, na 0110 inarudi yenyewe. Ukifanya XOR ya vyote vinne jibu ni sifuri, siku zote. Ishike sifuri hiyo, tutaihitaji mbele.

Pariti haikai kwenye diski moja, inazunguka mstari kwa mstari. Mpango huu ni miongoni mwa ile iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ahadi yake haijabadilika tangu hapo: diski moja ikifa, data ipo. Mbili zikifa, ahadi haipo.

Kabla ya kugusa umeme nilibandika karatasi kwenye kila diski: tundu ilimotoka na namba yake ya utambulisho. Ni kazi ya dakika tatu, na nimewahi kuiona ikirukwa na watu wazima. Kwa bahati, kuchanganya matundu hakukuleta madhara hapa. Visanduku vingi vya aina hii ndani yake ni kompyuta ndogo ya Linux; safu ya diski inaendeshwa na sehemu ya Linux iitwayo md, na chombo cha kuisimamia ni mdadm. Kila diski hubeba rekodi fupi inayosema ni ya safu gani, inashika nafasi ya ngapi, na mara ya mwisho iliandikwa lini. Hata ukizipanga kinyumenyume, md itazitambua. Kwa baadhi ya kadi za RAID za zamani nisingethubutu kusema hivyo.

Kisha nakala. Hakuna kazi yoyote niliyoifanya juu ya diski zake halisi zaidi ya kuzisoma mara moja. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilinakiliwa bila kelele, kila moja kwa saa saba na kitu. Kusoma terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni muda kama huo, kwa hiyo hazikuwa na shida ya kusoma. Ya pili ilichukua siku tano.

Nilianza kwa kuisikiliza. Diski inayogonga, ile tiki-tiki ya kichwa kinachotafuta njia na kukosa, haipewi umeme tena. Inaenda kwa watu wenye chumba safi na vipuri, na kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kuwa inakwangua kilichobaki. Hii haikugonga. Ilikuwa inazunguka vizuri, ila sehemu fulani ikikataa kusomeka. Kwa diski ya namna hiyo natumia ddrescue ya GNU. Programu ya kunakili ya kawaida hukwama kwenye sekta mbovu, yaani kijisehemu kidogo cha diski kisichosomeka, na kuing'ang'ania, na diski inazidi kuchoka kwenye kidonda chake huku sehemu nzima zikiwa bado hazijanakiliwa. Ddrescue hufanya kinyume: ikigonga mwamba inauruka, inachota kwanza kila kinachosomeka kirahisi, kisha inarudi pembezoni mwa mashimo na kuyapunguza kidogo kidogo. Yote inayaandika kwenye faili la ramani, kwa hiyo unaweza kuizima usiku diski ipoe, asubuhi ikaendelea ilipoishia.

Saa kumi za mwanzo zilitoa karibu diski nzima. Siku nne zilizobaki nilikuwa nagombania kilobaiti. Mwisho wake, kati ya baiti 4,000,787,030,016 zilibaki 143,360 zisizosomeka: bloku 35 za kilobaiti 4, katika sehemu tisa zilizotawanyika. Ukiisikia hesabu hiyo unaweza kucheka kwamba ni kitu kidogo. Utaona kwa nini sikucheka.

Sasa ile rekodi. Niliiamuru mdadm inisomee rekodi ya kila nakala, na macho yangu yalienda kwenye mistari miwili: muda wa mwisho wa kuandikwa, na hesabu ya matukio. Hesabu hii hupanda kila safu inapobadilika hali, na diski zote zilizo hai hupanda pamoja. Ikitolewa diski, hesabu yake inaganda palepale, kama saa iliyosimama kwa mshituko. Ya kwanza na ya nne zilikuwa 61,390. Ya pili 61,377, ya Jumatatu ileile alfajiri. Ya tatu ilikuwa 18,204, na tarehe yake ni 11 Machi.

Tulikuwa Agosti.

Kwa hiyo hazikufa diski mbili siku moja. Ya tatu ilitoka Machi, na kwa miezi mitano safu ilitembea kwa mguu mmoja bila mtu kujua, hadi ya pili ilipojikwaa kwenye sekta mbovu. Nilipomwambia, mwenye mali alikaa kimya, kisha akakumbuka kwamba kisanduku kiliwahi kupiga kelele wakati anarekodi sauti, naye akakizima mlio. Barua pepe za tahadhari zilipaswa kutumwa kupitia akaunti ambayo alishabadilisha nywila, kwa hiyo hazikutoka.

Mtego uko hapa. Nilizisoma kumbukumbu za afya za diski zote mbili. Ya tatu, ile ya Machi, ilikuwa nzima kabisa: sekta zilizohamishwa sifuri, sekta zinazosubiri hukumu sifuri. Kilichopanda ni kipengele namba 199, makosa ya mawasiliano kati ya diski na kisanduku, 312. Makosa ya aina hiyo hutoka njiani, na kwa kweli meno ya kiunganishi cha tundu la tatu yalikuwa na vumbi lililoganda. Ya pili ndiyo iliyokuwa mgonjwa, kipengele 197, cha sekta zinazosubiri hukumu, kinapanda kila nikiiangalia. Fundi mwenye haraka anaona nini? Diski tatu zenye afya, ya kwanza, ya tatu na ya nne, na mgonjwa mmoja. Anawaunganisha wazima, anamweka mgonjwa pembeni. Kimantiki inaonekana sawa kabisa, na ndiyo njia ya kuiharibu data.

Nilijaribu makusudi, nione na nimwonyeshe. Sikuhatarisha kitu, kwa sababu juu ya kila nakala nilitandika tabaka jembamba: unachosoma kinatoka chini kwenye nakala, unachoandika kinabaki kwenye tabaka, na ukikosea unalitupa tabaka na kuanza upya. Kwa asiye na uwezo wa kununua diski nne za nakala, tabaka hizi juu ya diski halisi ni afadhali kuliko ujasiri mtupu, mradi diski hizo hazina ugonjwa.

Safu ya moja, tatu na nne ilikubali kwa kulazimishwa. Mfumo wa faili ukafunguka. Folda zikaonekana, majina yako sawa, ukubwa uko sawa. Mwenye mali alishika kichwa kwa furaha. Nikafungua picha ya Januari: safi. Picha ya Februari: safi. Ya Mei ilionyesha anga juu, na chini yake kijivu tupu. Video ya Juni haikutambuliwa kabisa. Folda moja ya Julai ilikuwa na mafaili ambayo alikumbuka kuyafuta mwezi Aprili.

Sababu yake ni rahisi ukishaikubali. Mstari ambao haukuguswa tangu Machi, kipande cha diski ya tatu bado ni cha kweli na hesabu inatoka. Mstari ulioandikwa upya, diski ya kwanza na ya nne zinasimulia ya Agosti, ya tatu inasimulia ya Machi, na XOR inazalisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa na yeyote. Kama kwenye hali hiyo ningeendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ili "irekebishe", ingezirekebisha kwelikweli: ingeusawazisha mfumo wa leo ufuate orodha za Machi, na kufuta kila isichokielewa. Nikazitupa zile tabaka, nikaanza upya.

Safu sahihi ni ya moja, ya pili na ya nne, mgonjwa akiwa ndani na mzima akiwa nje. Hesabu ya pili ilikuwa nyuma kwa matukio 13 tu, yaani sekunde chache za kuanguka kwenyewe, kwa hiyo kuilazimisha kulikuwa halali. Niliisimamisha kwa mdadm kwa amri ya kukusanya kilichopo. Ipo amri nyingine ya kuunda safu upya juu ya ileile, na watu huipendekeza kirahisi mno. Hiyo huandika rekodi mpya juu ya zile za zamani, na ukikosea mpangilio wa diski, ukubwa wa kipande au mahali data inapoanzia, huna pa kurejea; hata ile ya Machi ambayo ndiyo iliyonifungua macho ingeweza kupotea. Mfumo wa faili, ext4, niliufungua kwa kusoma tu, na kwa chaguo la kutogusa daftari lake la mabadiliko, kwa maana ext4 hata ukiiambia isome tu inaweza kutaka kwanza kukamilisha yaliyokuwa hayajaandikwa.

Picha ya Mei ilifunguka nzima. Video ya Juni ikacheza.

Zilibaki zile bloku 35. Kwenye nakala, mahali ambapo ddrescue ilishindwa kusoma pana sifuri tu. Diski halisi ingepiga yowe la kosa. Nakala haipigi yowe, inatoa sifuri kwa uso mkavu. Md inazipokea kama data, na kwa kuwa diski ya tatu haimo, inazitumia pia kukokotoa kipande cha tatu. Uongo mmoja unazaa wa pili, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Ndiyo maana lile faili la ramani halitupwi baada ya kunakili: ndiyo orodha pekee ya mahali ambapo nakala inadanganya.

Hapo ndipo diski ya Machi ilirudi kazini. Kama mstari wenye shimo haukubadilika tangu 11 Machi, basi kipande cha diski ya tatu ni cha kweli, na kile kilichopotea kwenye ya pili ni XOR ya moja, tatu na nne. Tatizo ni kujua kama haukubadilika. Sekta yenyewe huwezi kuipima, haisomeki. Lakini majirani zake ndani ya kipande hichohicho cha kilobaiti 64 wanasomeka. Nikachukua majirani hao kutoka diski zote nne, ya Machi ikiwemo, nikafanya XOR. Jibu likiwa sifuri mtupu kushoto na kulia kwa shimo, kipande cha tatu bado kinaafikiana na wenzake. Likiwa takataka, kiliandikwa upya na cha Machi hakifai. Si ushahidi wa mahakamani, jirani anaweza kuwa mzima na wewe umebadilishwa, lakini video na picha huandikwa kwa mikupuo mirefu, na mstari mmoja mara nyingi una hatima moja.

Sehemu sita kati ya tisa zilitoa sifuri. Nilikokotoa bloku zake, nikazibandika kwenye nakala ya diski ya pili. Tatu zilitoa takataka, nikaziacha na sifuri zake.

Kwa hizo tatu nilihitaji majina. Debugfs, chombo cha kuchungulia ndani ya ext4, ina amri mbili ndogo: moja unaipa namba ya bloku ikupe namba ya faili, ya pili unaipa namba ya faili ikupe njia yake. Hesabu ya kutoka sekta ya diski hadi bloku ya mfumo wa faili ilinitoa jasho kuliko kitu chochote: unaondoa mwanzo wa data, unagawa kwa vipande, unakumbuka pariti iko diski gani kwenye mstari huo, unapita tabaka la LVM, linalogawa hifadhi kabla ya kufikia mfumo wa faili. Niliikosea mara mbili na kuigundua kwa sababu njia iliyotoka ilikuwa ya faili la mwaka wa kwanza, wakati mstari ulishakiri kubadilika. Mwishowe: sehemu moja iliangukia nafasi tupu. Ya pili katikati ya video ya Juni yenye gigabaiti 11. Ya tatu ndani ya faili la mradi wa Julai.

Kunakili kila kitu, kiasi cha terabaiti 7.9, kulikula usiku na mchana. Kisha kuhakiki, maana orodha ya majina haithibitishi kitu, tumeshaona. Mafaili ya ZIP na PNG hubeba hesabu ya uhakiki ndani yake, hayo yanajisema yenyewe. Video nilizipitisha kwenye ffmpeg, programu ya kuchakata video, ikizifungua mwanzo hadi mwisho bila kuandika popote, huku nikisubiri malalamiko. Za zamani nililinganisha na ile bekapu ya mwaka juzi kwa SHA-256, hesabu inayolipa kila faili alama yake ya kidole. Malalamiko yalitoka kwa faili moja, nalo ni lile la Juni: miraba ya rangi isiyofika sekunde moja, mahali ambapo mwenyewe alisema angepakata hata hivyo. Mradi wa Julai haukufunguka, lakini programu ya uhariri huwa inajiwekea nakala za kiotomatiki, na iliyokuwepo ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini za kazi.

Mwenye mali aliniuliza kama angebadilisha diski ya tatu mwezi Machi yote haya yasingetokea. Sina hakika, na nilimwambia hivyo. Mbili kati ya zile sehemu tisa zilikuwa ndani ya mafaili ambayo hayakufunguliwa kwa miaka, na ukaguzi wa safu nzima, ule ambao md huisoma kila sekta na kuilinganisha na pariti, haukuwahi kuendeshwa hata mara moja tangu kisanduku kinunuliwe. Huenda sekta hizo zilishaoza kabla ya Machi. Kama ni hivyo, angeweka diski mpya, safu ingeanza kujijenga upya, ingesoma terabaiti 12 za diski tatu zilizobaki, na ingejikwaa palepale. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi kosa la kusoma lisilozidi moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni kama terabaiti 12.5, na kuna watu hutumia namba hiyo kusema kila ujenzi upya utashindwa. Nimeona nyingi mno zikifaulu, siwezi kuiamini hivyo. Lakini safu ambayo haijakaguliwa hata siku moja ni habari nyingine.

Alirudi kuchukua vitu vyake na kisanduku kipya chenye diski sita, cha kuvumilia vifo viwili, na diski mbili za nje ambazo sasa zinapishana, moja nyumbani na moja kazini. Ya pili, mgonjwa, alitaka aitupe mwenyewe. Ya tatu nilimrudishia ikiwa na ile karatasi ya siku ya kwanza, nikaongeza mstari: "Ilitoka 11 Machi. Nzima. Usiirudishe kwenye safu."